Tazama Pale Ambapo Bado Hakuna Mtu

Macho yako ya miaka 19 ni makali kuliko ya baba yako. Namba ya gari unaisoma kutoka mbali, gizani unaona vizuri kumzidi, na mguu wako unafika kwenye breki upesi kuliko wake. Hata hivyo mkipanda gari moja, mara nyingi yeye ndiye anayekwambia uachie mafuta, wewe ukiwa hujaona sababu. Kidogo tu mtoto anachomoka kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, nawe unabaki ukijiuliza mzee alijuaje. Mtoto mwenyewe hakumwona kabla yako. Alichoona ni wanafunzi wawili wenye sare waliokwisha kuvuka, wamesimama ng'ambo, wamegeuka kumwita mtu aliyebaki upande huu.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepata leseni hivi karibuni, au ambaye bado unaendesha na alama ya L nyuma ya gari. Ninalotaka kukuambia ni hili: hatari ya barabarani haionwi kwa ukali wa macho, huonwa kwa swali ambalo macho yametumwa kwenda kulijibu. Dereva mchanga huyatuma yake yaulize, "Nimekaa vizuri kwenye njia yangu?" Dereva aliyekomaa huyatuma yaulize, "Nani anaweza kutokea, na atatokea wapi?" Swali hilo la pili linafundishika, wala halihitaji kusubiri miaka 20.

Nalisema kwa uzito kwa sababu wanaokufa ni vijana. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ni umri wako na wa wadogo zako wanaovuka barabara asubuhi kwenda shule.

Macho ya dereva mchanga huishia wapi

Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Ronald Mourant na Thomas Rockwell, walichapisha matokeo ya kupima mwendo wa macho ya madereva wakiwa barabarani. Wageni wa usukani walitazama eneo dogo, lililo karibu zaidi na gari lao, na vioo walivitupia jicho mara chache kuliko wazoefu. Mwaka 1998 David Crundall na Geoffrey Underwood, kutoka Nottingham, Uingereza, waliongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Madereva wazoefu walipotoka kwenye barabara tulivu na kuingia barabara pana yenye magari mengi, macho yao yalitanuka kulia na kushoto. Wageni waliendelea kutazama vilevile, kana kwamba barabara haijabadilika.

Sababu si uzembe. Akili ya dereva mchanga imejaa kazi: klachi, gia, indiketa, honi ya daladala nyuma yake, na abiria wa mbele anayetoa maelekezo. Akili ikijaa, macho hutafuta mahali pa kujishikiza. Hujishikiza kwenye boneti, kwenye mstari mweupe, au kwenye namba ya gari la mbele. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu macho kabisa. Fanya mazoezi ya kuondoka mlimani, kubadili gia na kurudi nyuma katika uwanja au mtaa mtulivu mpaka mikono na miguu ifanye yenyewe, ndipo ujipeleke Kariakoo mchana. Kila unapowaza gia, kuna mtu ambaye hujamwona.

Jambo la pili ujue jicho lenyewe lilivyo. Nyosha mkono mbele, inua kidole gumba, utazame ukucha. Eneo ambalo jicho huliona kwa undani kamili halizidi sana upana wa kidole hicho. Sehemu nyingine yote inayokuzunguka unaiona hafifu, na ubongo ndio unaoijaza ili uamini kwamba unaona kila kitu. Pembe za jicho ni hodari kunasa kitu kinachotembea, ila haziwezi kukuambia ni nani na anaelekea wapi. Isitoshe, jicho linaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa muda ule mfupi ubongo huizima picha. Dereva anayefika njia panda akageuza shingo kulia na kushoto mara moja kwa pupa anaweza kuapa mbele ya trafiki kwamba alitazama, naye akawa anasema kweli. Alitazama, lakini bodaboda ilikuwa mahali ambapo jicho lilikuwa linaruka.

Ndiyo maana kwenye njia panda hutakiwi kufagia kwa macho. Yasimamishe. Kulia, tuliza jicho mbali, kisha karibu. Kushoto, fanya hivyohivyo. Rudi kulia kabla hujaondoka, kwa kuwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto, wa kulia ndiye anayetufikia kwanza. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au ukienda Burundi au Kongo, mpangilio huo unageuka. Siku hizo za mwanzo ondoka kwenye kila njia panda polepole kupita kawaida yako, maana shingo ina mazoea yake na haijui kama imevuka mpaka.

Ipo pia nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele, ile inayoshikilia paa. Magari mengi ya sasa yana nguzo nene, na pikipiki nzima inaweza kujificha nyuma yake. Mbaya zaidi, pikipiki na gari lako vikikaribia njia panda kwa namna ambayo vitafika pamoja, pikipiki hiyo inaweza kubaki nyuma ya nguzo ileile mita kwa mita. Dawa yake ni rahisi: sogeza kiwiliwili mbele, kisha nyuma, uchungulie pande zote mbili za nguzo. Utaonekana kama unayeyumba kitini. Yumba.

Kuhusu kiti nitasema kwa kifupi. Vijana wengi hupenda kukilaza na kukishusha mpaka macho yanalingana na ukingo wa dirisha. Kiinue. Toa mapambo yanayoning'inia kwenye kioo cha ndani, na kioo cha mbele ukisafishe nje na ndani. Vioo vya pembeni virekebishe kabla ya kuwasha gari, usisubiri mpaka uwe barabarani.

Inua macho, kisha yazungushe

Mmarekani Harold Smith, aliyeanzisha mafunzo yake ya udereva mwaka 1952, alifundisha watu kutazama mahali ambapo gari litafika baada ya sekunde 15. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 15 ni kama mita 200 mbele. Kwenye foleni ya Ubungo hutafika umbali huo, lakini kanuni inabaki: jicho liwe mbali kuliko gari la mbele yako. Tazama kupitia vioo vyake, tazama pembeni yake, tazama taa za breki za gari la tatu na la nne. Dereva anayesubiri taa za gari lililo mbele yake tu ndipo akanyage breki amechelewa zamu nzima.

Ukishafika mbali usikae huko. Rudi karibu, gusa kushoto, gusa kulia, gusa kioo, nenda mbali tena. Kwenye kioo cha ndani pita kila sekunde tano hadi nane, na lazima upite kabla ya kupunguza mwendo, kabla ya kuhama njia na kabla ya kukata kona. Mzunguko huu mwanzoni utakuchosha. Baada ya muda jicho litaanza kukusumbua lenyewe ukilikalisha mahali pamoja, na hapo ujue limeelimika.

Simu nitaitaja hapahapa kwa sababu ni suala la macho. Utafiti mkubwa uliofanywa Virginia, Marekani, ambamo magari 100 yalifungwa kamera na kufuatiliwa katika uendeshaji wa kila siku, ulionyesha kwamba kutoa macho barabarani kwa jumla ya zaidi ya sekunde mbili huongeza hatari ya ajali angalau maradufu. Kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili ni mita 44. Kusoma "umefika wapi?" na kuanza kuandika "nakaribia" kunakula zaidi ya hizo.

Nani anaweza kutokea hapa?

Beki mzuri hakodolei macho mpira peke yake. Anamfuatilia mshambuliaji asiye na mpira, anayenyemelea mgongoni mwake. Nawe barabarani, gari unaloliona limekwisha kuwa mpira. Mfuatilie yule ambaye bado hajaonekana.

Chukua daladala iliyosimama kituoni. Dereva mchanga akiiona anaona kizuizi, anawasha indiketa ya kulia na kuipita. Wewe simama kidogo kwa macho juu yake, kwa sababu imejaa habari. Kwanza tazama chini, kati ya magurudumu: miguu ya watu wanaozunguka upande wa mbele utaiona kabla ya kuwaona wenyewe. Abiria hushukia mlango wa kushoto, na anayetaka kwenda ng'ambo atapita mbele ya pua ya gari au nyuma yake, aingie moja kwa moja kwenye njia yako. Kisha tazama gurudumu la mbele. Likianza kukata kulia, daladala inatoka, iwe imewasha indiketa au haikuwasha. Mtazame na konda. Akiwa bado chini anaita abiria, una nafasi. Akidandia mlangoni na kupiga bodi, gari linaondoka sasa hivi. Akitoa mkono nje na kuupungapunga, ameshaomba njia kwa niaba ya dereva wake, na dereva huyo hataangalia tena kioo. Hayo yote yanasomeka kwa sekunde mbili, kwa mtu anayejua yalipo. Matatu ya Nairobi na Mombasa husomwa hivyohivyo.

Sasa ingia Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi hupita katikati ya barabara na vituo vyake viko hukohuko katikati. Mtu anayekimbilia basi hakutazami wewe. Macho yake yako kwenye basi. Kwa hiyo ukiona basi la mwendokasi linaingia kituoni, liondolee macho mara moja uyapeleke pembezoni mwa barabara, utafute anayeanza kukimbia.

Kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, hatari iko kwenye gari lililosimama jirani yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, akiwemo Donald Fisher, waliwapitisha madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji uliokuwa na mandhari ya namna hii: lori limesimama kabla ya kivuko, na ubavu wake unaficha sehemu ya kivuko chenyewe. Madereva wachanga wengi walipita bila macho yao kugusa ukingo wa mbele wa lori, mahali pekee ambapo mtu angeweza kuchomoza. Wazoefu walipatazama mara nyingi zaidi. Jambo la kutia moyo ni kwamba vijana waliopewa mafunzo mafupi kwenye kompyuta, ya kuonyesha kwenye picha wapi pa kutilia shaka, walitoka wakitazama sehemu hizo mara nyingi kuliko wenzao ambao hawakufunzwa. Kwa hiyo gari la njia ya jirani likisimama na hujui kwa nini, jua wewe ndiye usiyeona. Punguza mpaka uone.

Bodaboda wanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu ni wengi, ni wembamba, na wanapita mahali ambapo gari halipiti. Kabla hujakata kushoto, tazama kioo cha kushoto kisha geuza shingo, maana yupo anayejipenyeza kati yako na mtaro. Unapokata kulia kwenye foleni, na dereva muungwana wa upande wa pili akasimama na kukuwashia taa upite, usijitupe. Yeye amekuruhusu kwa niaba yake tu. Pembeni ya foleni yake kuna pikipiki inayokuja kwa kasi ambayo haijui mmekubaliana nini. Ingiza pua ya gari polepole mpaka uone ubavu wote wa foleni. Na bodaboda aliye mbele yako umtazame kichwa. Akigeuka kutupa jicho begani, anakata. Akiwa anatazama watu walio kandokando ya barabara, anatafuta abiria, na atasimama ghafla popote atakapopungiwa mkono.

Watoto na mifugo wana kanuni moja: wa kwanza akivuka, mtafute wa pili. Mtoto anayevuka hufuatwa na mdogo wake. Mbuzi hufuatwa na kundi. Ukiona ng'ombe upande mmoja, mtafute mchungaji. Ukiona mchungaji bila ng'ombe, watafute ng'ombe. Vumbi linalofuka nyuma ya vichaka maana yake gari linakuja kuingia barabarani kutoka njia ya vumbi. Watu wote kituoni wakitazama upande mmoja, nawe tazama huko. Mwavuli ulioinamishwa kwenye mvua ya masika una mtu chini yake ambaye anaona miguu yake tu.

Barabara kuu

Nje ya mji mwendo unaongezeka na hatari zinapungua idadi, na hapo ndipo jicho la kijana linapolala. Kwenye kilomita 80 kwa saa, ukichukua sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga breki, gari limeshapita mita 33 kabla halijaanza kushika. Kusimama kabisa kunahitaji takriban mita 35 nyingine, kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazima. Jumla ni kama mita 70. Umbali huo uubebe kichwani na ujiulize kila mara: mita 70 zilizo mbele yangu naziona zote?

Kwenye kona huzioni zote, na ipo njia nzuri ya kupima, ambayo askari wa barabarani wa Uingereza hufundishwa katika mafunzo yao ya udereva. Tazama mbali kabisa mahali ambapo ukingo wa kushoto na wa kulia wa barabara unaonekana kukutana. Nukta hiyo ndiyo mwisho wa unachokijua. Ikiwa inasogea mbali kadiri unavyokwenda, kona inafunguka na mwendo wako unafaa. Ikiwa inakukaribia, kona inabana, nawe punguza sasa, gari likiwa bado limenyooka. Watu wanaopanda Lushoto au kushuka Kitonga wanaweza kuifanyia mazoezi nukta hii safari nzima. Usitegemee nguzo za umeme zikuonyeshe barabara inakoelekea. Mara nyingi nyaya huendelea moja kwa moja wakati barabara imekata.

Matawi mabichi yaliyotandazwa kwenye lami ni ujumbe ulioandikiwa wewe: mbele kuna lori limeharibika, pengine limeziba njia yako yote, na pengine liko nyuma ya kona. Ukiona tawi la kwanza anza kupunguza, usisubiri la pili. Kumbuka pia kwamba wapo wanaolitengeneza lori lao, wakaondoka na kuyaacha matawi, na wapo wanaoharibikiwa usiku wasiweke kitu chochote. Kwa hiyo tawi likupe tahadhari, lakini kukosekana kwa tawi kusikupe amani.

Kuhusu kuovateki. Madereva wa malori wa kwetu wana hisani ya kuwasha indiketa ya kulia kukuambia subiri, na ya kushoto kukuambia pita. Ya kulia itii daima, kwani ama anakuonya ama yeye mwenyewe anakata kulia, na vyote viwili vinakukataza. Ya kushoto ichukue kama maoni ya mtu mwema aliye mbele zaidi yako, kisha thibitisha kwa macho yako. Huenda anaingia kituo cha mafuta tu. Kaa nyuma vya kutosha. Ukililalia lori kwenye bampa, mlango wake wa nyuma ndio utakaokuwa dunia yako yote. Na kabla hujatoka, angalia kama kuna njia ya vumbi inayoingia upande wa kulia. Gari linalotokea huko litatazama kulia kwake, lione njia nyeupe, liingie. Halitarajii mtu upande ule uliopo wewe.

Barabara ya Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Huko tembo, twiga, swala na nyani huvuka wanapotaka. Jicho lako lisikae kwenye lami. Lipeleke kwenye mstari ambapo majani yanakutana na barabara, upande huu na ule, na ukimwona mnyama mmoja tumia kanuni ya mbuzi.

Usiku, na jua la kukabili

Usiku unaona kile tu ambacho taa zako zinafikia, na taa za dimu mara nyingi hazikuonyeshi mtu aliyevaa nguo nyeusi mpaka awe karibu kuliko zile mita 70. Hesabu hiyo haina ubishi: mwendo wa mchana haufai usiku. Gari linalokuja na fulu likikupiga machoni, usiitazame taa. Shusha macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami uufuate, upunguze mwendo, kwa kuwa baada ya kupishana macho hubaki na kiza kwa sekunde kadhaa, na ndani ya kiza hicho mna mwendesha baiskeli asiye na taa.

Ukiona taa moja inakuja usijiambie ni pikipiki. Inaweza kuwa Fuso lenye taa moja mbovu, na hujui ni ya upande gani. Mpe nafasi ya gari zima. Macho ya mnyama hung'aa akikutazama tu. Akiwa amekupa mgongo hayang'ai. Usiku una faida yake moja: mwanga wa gari linalokuja huanza kuonekana kwenye matawi, kwenye kuta na kwenye nyaya kabla gari halijatokea konani. Jifunze kuutafuta.

Jua nalo. Anayetoka Kimara asubuhi kwenda mjini anaelekea mashariki, jua liko usoni, na jioni anarudi magharibi, jua liko usoni tena. Shusha kizuia jua, punguza, na ujue kivuli chochote kinaweza kuwa mtu. Hali ya kinyume husahauliwa zaidi: jua likiwa mgongoni mwako, wewe unaona vizuri, lakini dereva anayekuja mbele na mtu anayetaka kuvuka akitazama upande wako hawakuoni. Endesha kama gari lisiloonekana.

Kujifunza ukiwa huendeshi

Wakenya wengi walisomea udereva kwenye ubao wa mji wa mfano, ambako mwanafunzi husogeza kigari kidogo juu ya barabara zilizochorwa. Ubao ule hufundisha vizuri nani ana haki ya kupita. Lakini unatazamwa kutoka juu, na kutoka juu hakuna kinachojificha. Uingereza waliona pengo la aina hiyo wakaongeza, kuanzia Novemba 2002, mtihani wa kutambua hatari. Mtahiniwa wa leseni ya gari hutazama video 14 zenye hatari 15 zinazoendelea kujitokeza, na hubonyeza anapoziona. Anayewahi hupata hadi alama tano kwa kila hatari, anayechelewa hupata chache au hakuna, na wa kubonyezabonyeza ovyo hupata sifuri kwa video hiyo. Kufaulu ni alama 44 kati ya 75. Kinachopimwa pale ni kuwahi, na ndivyo ilivyo barabarani.

Mazoezi hayo unaweza kuyafanya bila gharama. Panda kiti cha mbele cha daladala au basi, uwe unabashiri kimoyomoyo: yule mama atavuka, ile bajaji itasimama, lile lori litatoka. Ukikosea jiulize dalili ilikuwa ipi. Kwenye mitandao zimejaa video za kamera za magari. Tazama moja, isimamishe katikati kabla ya tukio, taja nini kitafuata na kitatokea upande gani, kisha iendeleze. Achana na zile za kuonyesha ajali za kutisha. Zinafundisha mwisho wa jambo, nawe unahitaji mwanzo wake.

Ukiwa kwenye usukani, sema kwa sauti unachokiona na utakachofanya. "Daladala kituoni, konda yuko chini, miguu siioni, napunguza. Njia ya vumbi kushoto, tupu. Kioo, Coaster nyuma, iko mbali." Mwanzoni ulimi utakwama na sentensi zitakuja hatari ikiwa imeshapita. Hilo lenyewe ni kipimo: linakuambia macho yako yako karibu mno. Fanya dakika chache kwa safari, kwenye njia unayoifahamu, na ukichoka acha.

Ninyi wazazi, wajomba na shangazi mnaokaa kiti cha pembeni, msimpigie kelele kijana ya "Angalia!" Neno hilo halimwambii atazame wapi, na litamfanya aruke macho ovyo. Muulizeni mapema, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, pale kwenye magari yaliyoegeshwa unamtegemea nani?" Akijibu vizuri, nyamazeni. Mkiona hatari imekaribia, tajeni kitu na upande: "Mtoto, kushoto." Na wewe kijana usimjibu mzee, "Nimeshaona." Mwambie umeona nini, ajue kama mnaona kitu kimoja.

Kila safari ikiisha, kumbuka kilichokushtua, hata kama hakikuleta madhara. Mshtuko maana yake kuna dalili iliyotangulia nawe ukaikosa. Kama ni mahali unapopita kila siku, nenda pale kwa miguu saa ileile. Simama kwenye kituo, tazama magari yanavyokuja kutoka upande uliokuwa ukitokea, angalia ukuta, mti au kibanda kinachokuficha wewe kwa wanaovuka na kuwaficha wao kwako. Chagua kitu kimoja kilicho mita 100 kabla ya hapo, duka, nguzo au bango, na kuanzia kesho ukifika usawa wake uwe umeshaachia mafuta.